Taa za Upande wa Maore

Kaka yangu Zephania Mmbaga ndiye mwanamume pekee huku Gonja juu anayeanika nguo za mkewe mchana kweupe, mbele za watu, bila kujificha. Kila asubuhi utamwona uani na beseni, vibanio viwili kavibana midomoni, anakung'uta kanga, anaitandaza kambani, anainyoosha pembe kwa pembe kama mtu anayepima kiwanja. Wanawake wanaopita humsalimia kwa heshima, wakishavuka ua wanaanza kucheka. Miaka minane sasa wanasema amelishwa limbwata. Wapo waliothubutu kumuuliza mkewe, wifi yangu Elinaza, kwamba hiyo dawa aliipata wapi nao wakawatafutie waume zao.

Elinaza huwajibu, "Dawa yenyewe inauma, mama. Hamtaiweza."

Mimi nimenyamaza miaka yote hiyo, jambo ambalo wanaonijua hawataliamini. Leo naona niseme, maana Krismasi iliyopita kuna kitu kilibadilika katika ua ule, ambamo naishi nao, nami nilikuwepo. Nilikuwepo pia siku kilipoanza.

Kwanza lazima niwaeleze habari ya Maore. Basi la kutoka Same linapita Kisiwani, linakuteremsha Maore, bondeni kwenye joto, na ukiinua uso unaiona milima ya Gonja yote imekusimamia. Tangu tukiwa wadogo, anayerudi kwao kwa Krismasi hushuka garini jioni, huweka mizigo chini na kuanza kuzitaja nyumba kwa taa zake: ile ya kina Mrutu, ile ya mchungaji, ile yetu. Marehemu baba alikuwa akitundika chemli kwenye mti wa mgrivea uani, upande unaotazama bondeni, ili dada zetu waliokuwa shule za mbali wajue wanangojewa. Mtu aliyekosa kuiona taa ya kwao alipanda mlima akijiuliza nani amekufa. Umeme ulipofika, chemli zikapumzika, zikaja taa za rangi.

Zephania alijenga palepale pa baba. Nyumba yake inatazama barabara, na kinachoonekana kutoka Maore ni mgongo wake: jiko, banda la mbuzi, na zamani zile, waya wa kuanikia nguo. Ulikuwa waya wa chuma hasa, umefungwa kwenye msumari chini ya bati na kuvutwa hadi kwenye mgrivea. Miaka minane iliyopita, jioni ya kuamkia Krismasi, kaka aliutazama waya ule akaona umenyooka vizuri, unaelekea Maore, yaani kama uliwekwa kwa kazi hiyo. Akazungushia taa. Zilikuwa taa za ndani, zile za kupambia mti sebuleni. Kebo ilipopungua akaunga nyingine, na tepu ilipomwishia katikati ya kuunga, akafunga ile jointi kwa kipande cha nailoni kutoka mfuko wa sukari. Maduka yalikuwa yamefungwa, alisema. Ni kwa siku mbili tu, alisema.

Na huyu ni fundi umeme! Alishafunga umeme kwenye mashine za kusaga, kwenye madarasa, kwenye nyumba zisizo na idadi. Ungemletea wewe jointi ya namna ile angekufukuza kwake.

Usiku kucha mvua ilinyesha, ile ya milimani isiyo na haraka. Asubuhi ilikatika, ukungu ukabaki, na taa zilikuwa bado zinawaka kwenye waya uliokuwa ukidondosha matone. Elinaza ndiye mwalimu wa kwaya ya usharika wetu. Alitoka pekupeku na joho lake jeupe alilokuwa amelisuuza, alitaka lipate upepo kidogo kabla ya pasi. Akanyoosha mkono wa kulia kuuvuta waya chini.

Nilikuwa mlangoni pa jiko na sufuria ya maziwa. Hakupiga kelele, na hilo ndilo linalonirudia mpaka leo. Alisimama tu, mkono umeng'ang'ania waya, mdomo wazi, macho kwangu. Nikaitupa sufuria, nikamkimbilia. Kaka akatokea mlango wa nyuma, akaona, akanipigia ukelele ambao sijawahi kuusikia kwake: "Asteria, usimguse!" Kisha akageuka, akakimbilia ndani.

Mungu anisamehe, nilimtukana. Nilimtukana kwa Kipare, kwa matusi ambayo hata mama yetu asingejua nimeyajulia wapi. Niliona mke wake anakufa uani naye anampa mgongo. Kumbe alikuwa anaiwahi meni swichi. Umeme ukakatika, na Elinaza akaanguka majanini kama nguo iliyoponyoka kambani.

Alipona, Mungu ni mwema. Lakini vidole viwili vya mkono wa kulia, cha pete na cha mwisho, vimegoma kukunjika mpaka leo, na kiganjani ana kovu refu linalong'aa. Siku hizi anaongoza kwaya kwa mkono wa kushoto. Mwanzoni waimbaji walipotea kabisa, wa besi wakaingia mahali pa wale wa sauti ya tena, na hao wa tena wakanyamaza wakisubiri mkono wa kulia uliokuwa umelala ubavuni. Sasa wamezoea, na kwaya za usharika wa jirani zinadhani ni mtindo.

Zephania aliung'oa ule waya siku ileile tuliyorudi hospitali, akaukata vipande vifupi vifupi kama vya kidole, akavifukia. Akachimbia nguzo mbili za miti mbali na nyumba, akafunga kamba ya katani. Tangu hapo Elinaza hakuanika hata leso. Hakuna aliyemkataza. Kaka aliamka kabla yake tu, kila siku, na alipofika uani nguo zilikuwa tayari kambani. Ndiyo limbwata lenyewe hilo.

Na taa hakuweka tena. Kwake, yaani. Kwa watu wengine ilikuwa habari nyingine kabisa. Ikifika Desemba, watu wanapanda kutoka Dar na Arusha na maboksi ya taa, na kaka yangu haombwi wala haitwi, anajipeleka. Anazunguka mlima mzima na kikapu chake. Anasoma boksi mpaka nyuma. Kama taa ni za ndani, anazirudisha ndani. Anaipitisha kebo yote vidoleni, hatua kwa hatua, akitafuta palipochubuka. Anafunga kwa vifungo vya plastiki kwenye ule ubao unaofunika ncha za kenchi za paa, si kwenye bati. Na kabla kebo haijaingia kwenye plagi anaiacha ining'inie chini kidogo, kama tumbo, ili maji ya mvua yadondokee hapo yasifuate kebo mpaka ndani. Halipwi kitu. Chai hunywa.

Mwaka juzi alimkuta Mwalimu Anderson, mkuu wa shule mstaafu, yuko juu ya ngazi ya chuma, nyundo mkononi, anapigilia misumari juu ya kebo. Mwalimu huyo alitufundisha sote, na kiboko chake tunakikumbuka.

"Shikamoo, Mwalimu," alisema kaka akiwa chini.

"Marahaba, Zephania. Unaona kazi hiyo?"

"Naiona. Naomba ushuke."

"Nishuke? Nimekufundisha mimi Hesabu, wewe!"

"Ndiyo, Mwalimu. Ulinifundisha vizuri. Shuka taratibu, usiguse bati."

Alishuka. Kaka akaing'oa misumari mmoja mmoja na kumwonyesha ule wa nne, ambao ulikuwa umepita katikati ya kebo. Mwalimu akautazama sana. Halafu akamwita mkewe aje auone, kisha akampa kaka mkungu mzima wa ndizi na kumsindikiza hadi barabarani, jambo ambalo kwa wanafunzi wake ni kubwa kuliko cheti.

Basi mlima mzima ukawaka, salama salimini, na nyumba ya fundi ikawa giza. Ukiwa Maore unaziona taa zimeshikana, halafu pengo, halafu taa zinaendelea. Pengo ni sisi.

Mwaka jana, mwanzoni mwa Desemba, Careen alipiga simu. Ni binti yao wa pekee, anafanya kazi Dodoma, na alikuwa amejifungua mtoto wake wa kwanza, mvulana, wamempa jina la baba yetu, Eliufoo. Alisema anakuja kumleta nyumbani. Elinaza alikuwa ameweka simu mezani kwa sauti ya juu, sote tukisikia.

"Tutafika Maore jioni ya tarehe ishirini na nne, Mama," alisema. "Nitamwinua mtoto nimwonyeshe kwao. Lakini nitamwonyesha nini? Giza?"

Zephania aliondoka akaenda kuwatazama mbuzi, ambao hawakuwa na tatizo lolote.

Elinaza hakumfuata. Wifi yangu si mtu wa kugombana. Ana subira ya mtu anayefundisha besi. Lakini wiki nzima niliona anaitaka taa ile kuliko kitu chochote, na niliona kaka anajua, na kila mmoja anampita mwenzake jikoni kwa adabu kama wageni. Nilimwambia kaka kwamba anamnyima mkewe haki yake. Akaniambia nikachambue maharage. Nikayachambua kwa hasira mpaka makande ya siku ile yakawa na mahindi matupu.

Jioni moja tukiwa mezani, Elinaza akasema kwa sauti ya kawaida, huku akipakua, "Baba Careen, usisumbuke na habari za taa. Nimempigia Hamisi wa Maore. Atapanda kesho."

Kijiko cha kaka kikasimama. Hamisi ni fundi wa haraka, ana maneno mengi na pikipiki.

"Hamisi? Mama Careen, Hamisi huyu huyu? Yule kazi zake nazijua. Yule anafunga jointi kwa naili—"

Nailoni ile ilikuwa yake mwenyewe, na sote watatu tulijua.

Elinaza akaweka upawa chini. Akakaa karibu naye, akautandaza mkono wake wa kulia mezani, kiganja juu, kovu likaonekana lote kwenye mwanga.

"Basi funga wewe," alisema. "Wengine wote siwaamini, Baba Careen. Wao hawajajifunza bado. Wewe umejifunza, na ada nimelipa mimi."

"Siwezi."

"Unaweza. Huu mlima wote umeufunga wewe."

"Kwao sikukosea," alisema kaka. "Ulinitazama, Elinaza. Ulikuwa unanitazama nami nikakupa mgongo. Kila nikishika taa naona yale macho."

Hilo sikuwahi kulisikia. Miaka yote hiyo nilidhani kinachomtesa ni ile nailoni.

"Nilikutazama, ndiyo," alisema Elinaza. "Nilikuona unakimbilia swichi, nikasema moyoni, nitapona. Wewe ulidhani nasema nini?"

Kaka yangu alilia. Siwezi kulipamba hilo. Aliweka paji la uso kwenye kile kiganja, akalia kama mtoto, nami nikatoka nje na sahani yangu nikalia na mbuzi. Baadaye nilimuuliza wifi kama Hamisi kweli angekuja. Akaniambia namba ya Hamisi hajawahi kuwa nayo.

Kesho yake Zephania aliteremka hadi Same. Nilikwenda naye, kwa sababu nilihisi angegeukia njiani. Dukani kwa Nasrin alifunguliwa boksi la kwanza, la pili, la tano. Alitaka taa zilizoandikwa kwamba ni za nje, zenye kile kifaa cha kupunguza umeme kabla haujafika kwenye kebo. Alivuta, akanusa, akakunja, akatazama kila unganisho kwa miwani na bila miwani.

"Baba, ni taa za Krismasi au unaposa?" Nasrin aliuliza.

"Naposa," alisema kaka, bila kutabasamu, na Nasrin akacheka mpaka akashika meza.

Alinunua pia breka ile inayokata umeme yenyewe mara tu unapovuja, yenye kitufe kidogo cha kuijaribia. Aliporudi alichimbia nondo mpya ya ethi, ile inayopeleka ardhini umeme unaovuja, akaweka mkaa na chumvi kuizunguka, akaimwagilia maji kwa siku tatu kama anayeotesha mche. Tarehe ishirini na tatu alipanda. Ngazi ya mbao, mimi nimeshika chini.

"Shika vizuri, Asteria."

"Nimeshika, kaka."

"Usiongee, shika."

Nilijaribu. Alifunga mstari mmoja tu, chini ya paa, upande wa Maore kuanzia kona hadi kona. Swichi na kile kifaa alivibakiza ndani, pakavu. Kamba ya nguo hakuisogelea. Kazi ambayo kwa Mwalimu Anderson ilimchukua saa moja, kwake ilimla siku nzima.

Jioni ya tarehe ishirini na nne manyunyu yalianza, nikajua Mungu naye ana utani wake. Saa kumi na mbili na nusu tulisimama watatu mbele ya ile swichi. Kaka aliweka kidole, akakitoa. Akaweka tena, akakitoa. Elinaza akauchukua mkono wake, akauweka chini ya wake wa kulia, vile vidole viwili vimesimama, wakabonyeza pamoja.

Nje kuliwaka. Zilikuwa nyeupe tu, hazichezi wala haziimbi. Kaka alitoka na tesita, bisibisi ile ya kupimia umeme, akagusa bati. Akagusa mabomba, kitasa cha mlango, dirisha, nguzo za kamba, kufuli la banda.

"Bado mbuzi," nilimwambia.

Akarudi ndani akabonyeza kile kitufe cha kujaribia. Tak, giza. Akawasha tena, akabonyeza tena, tak, giza. Alikuwa anajiandaa kwa mara ya tatu simu ya Elinaza ikalia. Ilikuwa Careen, na nyuma yake tulisikia honi na makelele ya stendi ya Maore.

"Mama, mbona inawaka na kuzima? Ni yetu ile? Mama, ni yetu?"

"Ni yenu," alisema Elinaza. "Baba yako anaipima."

"Mwambie aache! Eliufoo anaitazama!"

Akaacha.

Walifika wamelowa, wamechoka, mtoto amelala. Kaka alimpokea akamshika chini ya zile taa muda mrefu, mpaka nikamwambia atapata mafua.

Asubuhi ya Krismasi niliamka mapema kuchoma maandazi. Mvua ilikuwa imekatika, ukungu umeshuka mpaka kwenye mgrivea, taa bado zinawaka. Nikamsikia kaka anatoka kutafuta beseni kama kawaida yake, halafu nikasikia hatua zake zimesimama. Beseni halikuwepo. Nikachungulia.

Elinaza alikuwa uani, pekupeku kwenye majani mabichi, joho lake jeupe begani. Ameishika kamba ya katani kwa mkono wa kulia, ameivuta chini, na juu ya kichwa chake, chini ya paa, taa zilikuwa zinadondosha maji. Zephania alikuwa mlango wa nyuma, palepale aliposimama siku ile. Uso ulimbadilika. Nilimwona anageuza bega kuelekea swichi, na sikumlaumu.

"Baba Careen," alisema Elinaza, bila kugeuka. "Vibanio siviwezi kwa vidole hivi. Njoo."

Alisimama. Sijui ni muda gani, maandazi yangu yaliungua upande mmoja. Kisha akavua kandambili, akashuka kwenye majani pekupeku kama yeye, akaenda. Alitoa kibanio mfukoni akabana bega la joho, akatoa cha pili akabana bega la pili. Halafu akaweka mkono wake kwenye kamba, juu ya mkono wa mkewe.

Joho lilikuwa limekwisha kubanwa, kengele ya kwanza ya kanisa ilikuwa imelia, na bado hakuna kati yao aliyeiachia kamba.